Maji Kwanza

Jumamosi ile, siku ya posho, wiki moja kamili kabla ya harusi, Raphaël alitandika gunia mbele ya mlango wake kule Bagira. Juu ya gunia akapanga makopo matatu ya bati, kitambaa cha manjano na ngozi laini ya kukaushia, vyote vipya, vyote bado na harufu ya duka la Mugiriki. Nyuma yake motokari nyeusi ya milango minne ilikaa juani. Ilikuwa motokari ya kwanza ya mtu mweusi katika mstari ule wa nyumba za matofali, na mtaa mzima ulikuja kuangalia inavyoogeshwa. Wanawake walikuja na watoto mgongoni. Wanaume walikuja wakijidai wanapita tu.

Philémon hakujidai kupita. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, hatua kumi kutoka pale, akaangalia, na roho ikamuuma. Tuseme ukweli mapema ili tusisumbuane: huyu mtu alikuwa na wivu, wivu mtupu, ule unaomkosesha mtu usingizi na hamu ya bugali. Alikuwa shofere kwa miaka kumi na minne sasa. Motokari ya Bwana Gérard, mwenye shamba la kinkina, mti wa kwinini, aliijua kuliko alivyoyajua meno yake mwenyewe. Kila asubuhi aliiosha, akaikausha, akaipaka, akaifungulia mlango. Jioni aliiacha kule chini kwa Wazungu, karibu na ziwa, akapanda Bagira kwa miguu. Na sasa Raphaël, ambaye walikaa benchi moja kwa mapadri wa Nyangezi, Raphaël karani wa ghala ya kahawa, ambaye hadi mwezi wa tano hakujua breki ni ipi, alikuwa na motokari yake. Aliinunua kwa Muzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya.

Lililotonesha kidonda zaidi ni kwamba motokari hiyo ndiyo ingempeleka Noëlla kanisani. Noëlla alikuwa binti wa pekee wa Philémon. Alikuwa anaolewa na Benoît, mwalimu wa Nyangezi, na siku walipokuja kukubaliana ng'ombe, shangazi mmoja wa Benoît alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mutoto wa shofere anazoea kuona motokari kwa dirisha, lakini siku yake atakuja na miguu kama wengine. Domitille, mke wa Philémon, alilisikia neno hilo akiwa anamimina kasiksi, pombe ya ndizi. Hakumwaga hata tone. Kesho yake alivuka hatua zile kumi, akamwomba Raphaël motokari, na Raphaël akakubali kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Ndiyo maana leo makopo yalikuwa juu ya gunia.

"Philémon, sogea basi," Raphaël aliita. "Weye njo mwenye kujua mambo ya hivi."

"Dawa umesha nunua. Karatasi yake iko. Soma tu."

Raphaël alicheka. Hakuwa na ubaya, na hilo lilimchoma Philémon kuliko ubaya. Akainua karatasi iliyokuja na makopo, akasoma Kifaransa chake kwa sauti, kisha akawafasiria watu. "Inasema kopo ya kwanza ni ya kusafisha rangi. Ya pili ni ya kupakaa, ili ing'ae. Ya tatu ni ya byuma. Njo ile tu."

"Na yale maandishi madogo huko chini?" aliuliza Séraphine, mke wake.

"Ile ni ya batu bale habana akili," alisema Raphaël, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Akachukua kitambaa kikavu akaanza kufuta vumbi. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimekaza, na vumbi la Bagira lilikuwa limelala juu ya motokari ile tangu juzi. Philémon alishtuka mwili mzima. Maji kwanza. Shofere anafundishwa hilo siku ya kwanza ya kazi, na yeye alifundishwa kwa kofi: vumbi ni mchanga, na kitambaa kikavu juu ya mchanga ni msasa. Akafungua mdomo. Wakati huohuo Noëlla akatoka na beseni la maji, anacheka, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Tonton, nikusaidie?" alimwuliza Raphaël.

"Angalieni bibi-arusi yetu," Raphaël aliwaambia watu. "Siku ya posho ijayo atakaa hapa nyuma, na miye nitamupeleka polepole mupaka mulangoni ya kanisa."

"Na papa yake atakaa wapi?" mtu mmoja aliuliza.

"Mbele, pembeni yangu. Siku moja na yeye aendeshwe."

Watu walicheka, na Noëlla alicheka nao. Philémon aliufunga mdomo. Raphaël, kwa kuona watu wamefurahi, akaongeza, "Na baadaye, kama kazi inaniwia mingi, Philémon atakuwa ananisafishiaga siku ya Mungu, kisha misa. Si iko na mukono ya kazi? Sitamusahau na ka-kitu."

Alisema kwa urafiki, Mungu shahidi. Domitille alitabasamu kwa adabu, kama mtu anavyotabasamu akishukuru. Philémon aliliona tabasamu hilo, akaliweka moyoni pamoja na mengine.

Basi likafunguliwa kopo la kwanza. Ndani mlikuwa na dawa nzito, nyeupe, yenye chembechembe. Raphaël aliichota kwa kitambaa, akaipaka kwenye kifuniko cha mbele, kile mashofere wanachokiita kapo, pale katikati panapoonekana na kila mtu, juani, chuma kikiwa cha moto. Akasugua. Ukitaka kujua kosa lake, nenda nyumba yoyote ya Bagira. Sakafu ya saruji inapakwa nta nyekundu, na inang'aa kwa kukandamizwa. Kiatu cha misa kinang'aa kwa kukandamizwa. Sufuria inasuguliwa kwa majivu, nayo inang'aa kwa kukandamizwa. Pale mtaani hakuna aliyewahi kuona kitu kinachotaka mkono mwepesi ili king'ae. Raphaël alikandamiza kwa mabega yote mawili, na kitambaa cha manjano kikawa cheusi.

Alikiinua juu watu wakione.

"Angalia uchafu ya Muzungu," alisema. "Kila siku banatuita siye bachafu. Kumbe motokari yao haiyaoga tangu izaliwe."

Lo, kicheko kilichopigwa pale. Watu walishikana mabega. Neno lilikuwa tamu mno, na kila mmoja pale alikuwa na sababu yake ya kulipenda: aliyefukuzwa dukani kwa kugusa kitambaa, aliyekaguliwa kucha mlangoni, aliyeambiwa ananuka. Séraphine naye akachukua konzi ya maganda makavu ya mgomba, yale anayosugulia sufuria zake, akainama upande wa pili wa kapo. Weusi ukazidi kutoka. Ulitiririka na maji, ukaingia kwenye vumbi.

Philémon alijua. Uchafu hauna weusi ule, ule wa kulingana, wa mafuta. Ile ilikuwa rangi. Motokari ilikuwa inavuliwa ngozi mbele ya macho yake, na dawa ile ilitakiwa ipakwe kidogo, kivulini, na kitambaa chenye maji, kwa vidole viwili.

Raphaël alisimama kupumua. Akakitazama kitambaa, akakigeuza, uso ukaingia mashaka. Akageuka kuelekea kizingiti.

"Philémon. Hii ni uchafu, ama?"

Watu wote walimgeukia Philémon. Tangu motokari ile ifike mtaani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumtazama yeye. Noëlla naye alimtazama, beseni kiunoni. Philémon alikuwa na nafasi nzuri ya kuwa mtu mkubwa.

"Uchafu," alisema Philémon. "Kandamiza."

Walipomwaga maji ya mwisho, katikati ya kapo palikuwa na kiraka kikubwa kama ungo wa kupepetea mchele, chekundu kwa rangi ya chini, na katikati ya wekundu chuma kitupu, kimekwaruzwakwaruzwa. Hakuna aliyecheka. Raphaël alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwa vidole vyenye mafuta, akasoma maandishi madogo. Alisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza, na hakuwafasiria watu.

*

Domitille alisubiri mpaka Noëlla aende robineni kuchota maji. Alikuwa anakoroga sombe ya majani ya muhogo, mgongo kwa mume wake.

"Papa Noëlla. Miaka kumi na ine unaosha motokari."

"Na basi?"

"Haukuona?"

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Ya motokari, Raphaël hana macho. Weye njo uko nayo."

Philémon alivua kiatu, akakipiga ukutani kitoke vumbi, ingawa hakikuwa na vumbi. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Miye nilisema tangu mwanzo tusiombe kitu ya mutu."

"Haukusema," Domitille alijibu. "Tangu mwanzo ulinyamaza. Nilienda kuomba kwa jirani, ulinyamaza. Alikubali, ulinyamaza. Leo njo ulisema, neno mbili tu, na angalia."

"Unanishitaki?"

"Ninakuuliza. Sasa mutoto ataenda na nini? Bale ba Nyangezi besha jua iko na motokari. Shangazi yake Benoît atakuja na macho yake yote."

Domitille alionja sombe, akaongeza chumvi. Noëlla aliporudi na ndoo kichwani, waliona kwamba alikuwa amelia njiani. Kule robineni wasichana walikuwa wamemwuliza kama motokari yake imepatwa na surua. Aliitua ndoo, akachukua shela lake, akaendelea kulipinda pindo. Philémon alimtazama, na hata katika kumwonea huruma kulikuwa na kitu kidogo kibaya kilichomnong'oneza kwamba, angalau, mtu hatajidai tena mbele ya motokari ile. Wivu ndivyo ulivyo. Unaweza kula mtoto wako na bado ukadai uko na njaa.

*

Jumatatu, baada ya kuosha motokari ya Bwana Gérard, Philémon alisimama kando ya mlango wa baraza, kofia mkononi. Alikuwa amelipanga neno lake tangu Bagira.

"Bwana, siku ya posho mutoto yangu anaolewa."

"Ah. Muzuri sana, Philémon."

"Bwana, nilikuwa nasema... motokari. Saa mbili tu. Nitaosha mbele na nyuma. Mimi mwenyewe nitaendesha."

Bwana Gérard aliliweka gazeti magotini. Hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, kila mtu alisema hivyo. "Philémon, weye kazi yako muzuri. Lakini hapana. Leo minakupa motokari kwa harusi. Kesho mupishi ya jirani anataka ya bwana yake. Unaelewa?"

"Ndiyo, Bwana."

"Hakuna motokari ingine kule Bagira?"

"Iko moja, Bwana. Ya karani mumoja. Nyeusi."

"Basi, iko," alisema Bwana Gérard, akafurahi kwamba jambo limekwisha. Akaingia stoo, akarudi na kopo la nta ya motokari, limebaki nusu. "Hii ni zawadi yangu. Muzuri kwa nyeusi. Pakaa kwa motokari ya rafiki yako, itang'aa sana."

Philémon alipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea, akasema, "Merci, Bwana." Nta haipakwi juu ya chuma kitupu. Alilibeba kopo lile kwa miguu mpaka Bagira, na njia nzima kitu kilichomuuma hakikuwa neno la Bwana Gérard. Miaka kumi na minne ilikataliwa kwa pumzi moja, na Raphaël alikubali kabla ya ombi kwisha. Angeweza kumsamehe Raphaël kuwa na motokari. Moyo wake mweupe ndio uliomshinda kusamehe.

*

Alhamisi jioni Raphaël alivuka zile hatua kumi. Hakuwa na kofia. Alipiga hodi kama mgeni, na Domitille akamletea kiti kile kizuri, akawaachia nafasi.

"Nimetoka kwa fundi wa karoseri," alisema Raphaël. "Anasema kupiga rangi ni wiki mbili. Nilimuambia harusi ni siku ya posho. Alicheka."

"Pole."

"Ku kazi banashinda bananicheka. Mukubwa wa ghala aliniuliza kama nilifua motokari na majivu. Siku ile nilicheka Muzungu mbele ya batu bote, miye na mudomo yangu." Alitazama mikono yake. Bado weusi ulikuwa chini ya kucha. "Philémon, nimeharibia mutoto wako siku yake. Nilikuja kuomba musamaha."

Sasa, mtu mwingine angesema. Mlango ulikuwa wazi, kiti kilikuwa karibu, na mwenye kosa ndiye aliyekuwa anaombwa msamaha. Philémon aliinama mbele.

"Raphaël," alisema.

"Eh?"

"Haina neno."

Raphaël alivuta pumzi. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani, katikati yao. "Miye sitaweza kushika volani ya motokari mbele ya bale ba Nyangezi. Haya itaniua. Lakini mutoto hawezi kwenda na miguu. Endesha weye. Weye ni shofere ya kweli. Bakikuona unavyoishika, pengine bataangalia weye, hawataangalia kapo. Miye nitakuja na kinga, baiskeli yangu ile, njia ya mukato."

Kwa hiyo Philémon alipewa alichokitaka. Angempeleka binti yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, hakuna wa kumwendesha. Alizitazama funguo. Alitafuta cha kumpa mwenzake, kwa sababu mtu hapokei tu, akaona kopo la Bwana Gérard juu ya kabati. Akalishusha.

"Chukua. Ni nta muzuri. Ya kupakaa ule upande uliobaki."

Raphaël alilipokea kwa mikono miwili. Macho yalimlengalenga. "Weye ni ndugu," alisema. "Hakika, weye ni ndugu."

Domitille alikuwa nyuma ya pazia na alisikia yote. Usiku huo hakumsemesha mume wake, wala kesho yake, isipokuwa kumwuliza suruali anataka ipigwe pasi upande gani.

*

Siku ya harusi motokari ilitoka Bagira saa tatu za asubuhi. Nyuma walikaa Domitille na Noëlla, shela limekunjwa magotini lisishike vumbi. Mbele alikaa Philémon peke yake, suti ya kijivu, kichwa wazi. Kofia ya shofere aliiacha nyumbani kwa makusudi.

Alikuwa ameiota njia hii. Sasa aliipita, na mbele ya kioo, kutoka Bagira mpaka mjini, kiraka kilimtazama. Ukiwa nje unaweza kugeuza uso. Ukiwa umeshika volani, usukani wenyewe, huwezi, maana barabara iko pale pale nyuma ya kapo. Kila kona alikipita kiraka kwanza ndipo akaiona kona. Watu wa kando ya njia walipunga mikono, na aliwaona wakipunga, halafu aliwaona wakionyeshana kwa vidole. Lori moja la mchanga liliwapita, likawaachia vumbi jingi, na kiraka kikabadilika rangi lakini hakikupotea.

"Papa," alisema Noëlla. Walikuwa wamekaribia mtaa wa Nyawera, mjini.

"Eh."

"Siku ile. Ile uchafu. Ilikuwa rangi?"

Philémon alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. "Funika shela yako. Vumbi inaingia."

"Nimefunika," alisema Noëlla. Domitille alikuwa anaangalia nje, upande wa soko.

Kwenye uwanja wa kanisa watu wa Nyangezi walikuwa wamekwisha kujipanga. Shangazi wa Benoît alisimama mbele, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama mnara. Philémon aliingiza motokari polepole, akaizungusha, akaisimamisha sawasawa mbele ya ngazi bila kuirusha hata kidogo, na kwa kitambo kile kidogo alikuwa fundi, na watu waliona. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Noëlla alitoka. Akina mama walipiga vigelegele. Hata shangazi alitikisa kichwa kwa kukubali, maana binti alikuja na motokari, hilo hakuna wa kulikataa.

Kisha macho ya shangazi yakateleza mpaka kwenye kapo.

"Kumbe na motokari inapatwaga na upele," alisema.

Raphaël alisikia. Alikuwa amefika mapema na kinga lake, viatu vimejaa vumbi, amesimama kando kama mgeni ambaye hakualikwa. Haya ilimpanda usoni. Alikuja haraka, akachomoa leso nyeupe kifuani, akainama juu ya kapo akaanza kufuta vumbi, kwa leso kavu, kwa bega lote, kana kwamba akifuta sana na kiraka kitaondoka.

Philémon alimdaka mkono.

"Hapana kavu," alisema. "Maji kwanza. Vumbi ni muchanga, inakwaruza. Na usikandamize. Hata siku moja usikandamize."

Yalimtoka yenyewe. Miaka kumi na minne ndiyo iliyosema, mdomo ulifuata tu.

Mkono wa Raphaël ulibaki umeshikwa. Akautazama ule mkono, akakitazama kiraka, akamtazama Philémon. Aliangalia kwa muda mrefu, kama karani anayesoma karatasi mara ya pili.

"Kumbe unajuaga," alisema polepole. "Unajuaga yote."

Vigelegele vilikuwa vimekatika. Domitille alisimama na pindo la shela mkononi. Philémon angeweza kusema hakujua. Uwongo ulikuwa karibu, ulishamsaidia mara moja. Lakini Noëlla alikuwa anamtazama, kwa macho yale yale ya siku ya beseni.

"Ilikuwa rangi," alisema. "Niliona kama ni rangi. Uliponiuliza, niliona."

"Ju ya nini?"

"Wivu."

Alilisema hivyo, wazi, mbele ya wakwe. Shangazi wa Benoît alikivuta kitambaa chake cha kichwa.

Raphaël aliutoa mkono wake taratibu. Akaikunja leso mara nne, akairudisha kifuani. Kengele ilianza kulia.

"Mupeleke mutoto," alisema. "Banamungoja."

"Raphaël, miye..."

"Mupeleke. Kisha misa utatafuta maji."

Alimpeleka. Alitembea naye mpaka altareni, mkono wa Noëlla ukiwa mwepesi juu ya mkono wake, mwepesi mno, kama wa mtu anayegusa chuma cha moto. Misa ilikuwa ndefu. Watu walipotoka wakiimba, wakimzunguka bwana harusi, baba wa bibi-arusi hakuwa nao. Alikuwa nyuma ya nyumba ya mapadri, anajaza ndoo.

Aliibeba ndoo kupita katikati ya wageni, maji yakimmwagikia kwenye suruali iliyopigwa pasi. Alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni, akaosha motokari yote, juu kwanza, kisha ubavu, magurudumu mwisho, kama inavyotakiwa. Kwenye kiraka alitumia vidole viwili. Watu wa Nyangezi walisimama kuangalia. Raphaël alisimama kivulini, kopo la Bwana Gérard mkononi na ngozi ya kukaushia begani, vitu alivyokuja navyo kwenye kinga, yeye hajavitumia hata siku moja.

Philémon alipomaliza, alinyoosha mkono. "Nipe ngozi. Ama nikuonyeshe. Unailowesha kwanza, unaikamua."

"Fanya weye," alisema Raphaël.

Alimpa ngozi. Akaliweka kopo la nta chini, kando ya ndoo. Kisha akapapasa mfukoni, akatoa ka-kitu kale, sarafu moja ya franka tano, akaiweka juu ya kapo, katikati ya kiraka, bila kuitupa. Akachukua kinga lake, akaondoka.

Shofere yeyote anajua kwamba pesa haiwekwi juu ya motokari, inakwaruza rangi. Lakini pale rangi haikuwepo tena. Philémon alifuta mikono kwenye suruali, na kwa kuwa wakwe walikuwa wanaangalia, aliiokota kwa mikono miwili.